Vidole Vinne vya Mto

"...na kwato! Jamani, kwato za farasi! Moja, mbili, tatu, na hii ya nne hapa!"

Alikuwa anapiga kelele peke yake, Chigusa, kapiga magoti kwenye mikeka ya karakana ya babu yake, kipande cha karatasi mkononi, mdomo wazi. Paka wa jirani aliyekuwa amelala dirishani aliamka akaondoka zake. Lakini na wewe ungekuwa pale ungepiga kelele kumshinda, maana sikia alichokiona.

Mbele yake ilikuwa imetandazwa ile picha. Picha yenyewe ya hekalu, mpanda farasi anavuka mto Shirose, ile ambayo watu wa kijiji huiona mara moja kila miaka kumi na miwili, mwaka wa Farasi ukifika. Farasi maji yamemfika kifuani. Mpandaji kashika upinde juu usilowe, mbele yake ng'ambo kuna msonobari mmoja uliopinda, naye, badala ya kutazama msonobari anakokwenda, kageuza shingo anatazama nyuma. Nyuma kuna nini? Hakuna kitu. Maji tu, halafu picha inaisha, inaanza hariri ya kahawia ya pambizo. Watu wamebishana miaka nenda rudi. Wengine wanasema anamwangalia adui. Wengine, mkewe. Watoto wanasema kasahau chakula chake.

Jana walipoitoa kwenye sanduku waliona wadudu wameitoboa pembeni, ndiyo asubuhi ile ikaletwa haraka kwa Babu Tokuzo izibwe kabla ya kesho. Babu ana miaka themanini na moja na mikono inamtetemeka, lakini ni nani mwingine? Na Chigusa si ndiyo kwanza karudi kutoka chuo cha Kyoto, anasomea kazi hiyohiyo ya kutandika picha kuukuu juu ya hariri na kuzitibu, kichwa kimejaa mambo hadi yanamwagika? Babu alikoroga gundi ya ngano, akaipaka kidogo, akasema mgongo unamuua, akaenda kuoga.

Tundu moja lilikuwa bado. Kuziba tundu la karatasi ya miaka mia tatu unahitaji karatasi ya miaka mia tatu, na kila fundi wa kazi hii ana droo ya mabaki, vipande vya picha zilizokufa, havitupwi hata kimoja. Chigusa akafungua droo ya babu. Akafukua mpaka chini kabisa. Chini ya vyote, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa uzi, akakuta utepe wa karatasi, urefu sawa na upana wa picha, kimo chake vidole vinne.

Akauweka chini ya picha, hivi hivi tu, kulinganisha rangi.

Tundu moja la zamani la mdudu lililoanzia kwenye picha liliendelea kwenye utepe. Doa la maji lililokatika nusu kwenye picha lilimalizikia kwenye utepe. Na kwenye utepe kulikuwa na ukingo wa mto. Ukingo wa huku! Matope, alama nne za kwato, na upande wa kushoto kabisa jiwe kubwa lililopasuka katikati, ufa wake mchoraji kauacha mweupe, hakuugusa kwa wino hata kidogo.

Mpandaji alikuwa anatazama jiwe.

Hatazami adui wala mke! Chigusa aliruka, akacheza, akajigonga kichwa kwenye rafu ya brashi, akakaa chini akicheka. Jiwe lile analijua, liko palepale mtoni mpaka leo, chini kidogo ya lango la hekalu. Ukisimama majini ukageuka, na ukauona mwanga ukipita kwenye ufa, basi uko kwenye mstari. Ufa ukifunga, umepotea njia. Yaani picha ile si pambo. Ni ramani! Na njia yenyewe haiendi moja kwa moja kutoka langoni hadi kwenye msonobari. Inaanzia kwenye jiwe, inakata mto kimshazari.

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka.

Kwa sababu baba yake alianzia langoni.

Mwaka wa Farasi, miaka ishirini na minne iliyopita, mpandaji alikuwa Seigo, baba yake Chigusa, na Chigusa mwenyewe alikuwa bado tumboni. Desturi ya Shirose ni hii: anayevuka siku ile si mtu, ni mungu wa mto anarudi kwake, kwa hiyo hakuna anayemtazama. Kijiji kizima kinasimama ng'ambo chini ya msonobari, kimeupa mto mgongo, mpaka kengele ya shingo ya farasi isikike nchi kavu. Na aliyekwisha kuvuka hamwambii anayefuata hata neno moja. Picha ndiyo inayofundisha. Mpandaji anafungiwa nayo asubuhi moja, anausoma mto, basi.

Seigo aliusoma. Kijiji kikasimama kimegeuza mgongo, kikangoja kengele, kikangoja, mpaka bibi mmoja akaanza kulia bila kujua analia nini. Farasi aliokotwa kwenye kona ya mto, mzima. Seigo aliokotwa siku ya tatu. Na kwa kuwa hakuna aliyeona, kila mtu alijua: alikuwa amelewa. Alikunywa pombe ya mchele usiku wa mwiko, mungu akamtema. Mama yake Chigusa alivumilia ndimi zile miaka mitano, akaondoka kwenda Osaka, akaolewa kwingine. Miaka kumi na miwili iliyopita hakupatikana mtu wa kuvuka. Mwaka huu amejitokeza mmoja.

Raita. Kaka yake Chigusa. Alikuwa na miaka mitatu baba alipokufa, leo ana ishirini na saba, na alisema mbele ya wazee, "Nyumba yetu iliuchafua mto, nyumba yetu itausafisha." Kesho alfajiri anaingia majini. Picha kaisoma jana. Picha iliyokatwa.

"Babu!" Chigusa alitoka mbio pekupeku. "Babu, toka huko! Toka hata na sabuni!"

Babu Tokuzo alikuwa ameshatoka, kakaa barazani na vazi lake la pamba, anakunywa chai, anatazama mawingu. Mvua za Juni zilikuwa zinajikusanya upande wa milimani.

"Nyumba inaungua?" akauliza.

"Babu, Baba hakulewa! Sikia, nimepata. Picha ilikuwa ndefu! Kuna mtu aliikata, fundi mmoja mjinga, sijui wa zama gani, kakata ukingo mzima, jiwe, kwato, njia yote! Baba aliipoteza njia kwa sababu njia haikuwepo! Tunaenda hekaluni kwa Mzee Isomura sasa hivi. Vaa suruali!"

Alikuwa akimpungia utepe usoni anaporopoka yote hayo. Babu hakuutazama. Aliweka kikombe chini, taratibu, kikagonga sahani mara mbili tatu kwa ule mtetemo wa mikono.

"Ulikuwa kwenye bahasha yenye uzi," akasema.

"Ndiyo, chini ya..."

Unajua pale akili inapojua jambo kabla ya mtu mwenyewe? Chigusa alimtazama babu yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imekaa hapo mbele yake, na nywele zimelowa.

"Chini ilikuwa imeoza," Babu akasema. "Unyevu. Ukungu mweusi, karatasi imekuwa kama jivu. Nilipewa kuitandika upya miaka miwili kabla ya mwaka ule. Nikaona matope yale nikadhani madoa. Wewe umesoma, mna taa siku hizi, mna mitambo. Mimi nilikuwa na macho na kisu. Fundi hukata kilichooza, akanyoosha mstari. Nikakata vidole vinne, nikaongeza hariri chini ili urefu uwe uleule. Ikapendeza. Watu wakanipigia makofi."

"Na utepe ukauweka."

"Havitupwi."

"Ukaja kujua lini?"

"Siku tuliyomzika. Nilirudi nyumbani nikatafuta karatasi ya kuandikia jina lake. Nikafungua droo. Huo utepe ulikuwa umeshakauka, ukungu umepukutika wenyewe. Jiwe likaonekana."

Chigusa alitaka kukaa akakuta ameshakaa. Miaka ishirini na minne! Amekula wali wa mikono hii. Amefundishwa kushika brashi na mikono hii. Shuleni watoto wa ukoo wa Tamura walikuwa wakimzunguka wakijitia kuyumba kama walevi, "Glu, glu, glu, binti wa mlevi!" naye akirudi analia, na Babu akimfuta machozi akimwambia usiwajali.

"Babu, kesho Raita anaingia pale pale."

"Najua."

"Unajua! Unakunywa chai!"

"Mwezi mzima nimemkataza. Nilimwambia mimi mzee, nani atanizika. Nilimwambia farasi mbaya. Nilijitia kuumwa, akaletwa daktari. Hakusikia, ana kichwa cha baba yake."

"Ulimwambia yote isipokuwa hilo moja!"

Mzee aliinamisha uso. "Nitasema. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Niachie jioni hii nijipange. Kesho asubuhi nitasimama ukingoni kabla hajaingia, watu hawajaenda ng'ambo, niseme mbele ya wote."

"Kesho," Chigusa akasema.

"Kesho."

"Na kama hutaamka? Na kama mdomo hautafunguka? Umekuwa na kesho elfu nane na zaidi, Babu, zote umezila."

Babu akasema jambo ambalo hakuulizwa, kwa sauti ndogo, akiangalia miguu yake. "Aliniuliza. Asubuhi ile, ametoka kuisoma. Alikulia humu karakanani, alikuwa na jicho. Akaja hapa barazani, kasimama hapo ulipokaa wewe, akasema, 'Baba, mbona mto umekuwa mfupi?' Nikamwambia macho yake. Nikamwambia, umesahau, wewe si fundi, usinifundishe kazi yangu. Akainama akaomba radhi. Aliniomba radhi, Chigusa, akaenda."

Chigusa alisimama. Kelele yote ya mchana ule ilikuwa imemtoka, na lile furushi la habari alilotoka nalo mbio sasa lilikuwa mzigo. Akaingia jikoni. Akafinyanga matonge matatu ya wali mweupe kwa chumvi, kama mwiko unavyotaka, akayafunga kwa majani ya mwanzi. Chini ya majani akalaza utepe, ameukunja ndani ya karatasi ya nta. Akachukua mwavuli. Babu alikuwa bado barazani, na chai imepoa.

Kibanda cha mpandaji kiko ubavuni mwa hekalu, hatua sitini kutoka mtoni. Mlangoni kulikuwa na Mzee Isomura, mtunza hekalu, kakaa kwenye kigoda anavuta sigara na kusikiliza matokeo ya mieleka kwenye redio ndogo. Simu ya Raita ilikuwa kwenye bahasha kifuani mwake. Mwiko ni mwiko.

"Ooh, msomi wetu wa Kyoto," akasema. "Umeleta wali au umeleta hotuba?"

"Wali, Mzee." Halafu, kwa sababu alikuwa bado na tumaini, akasema, "Mzee, na neno moja. Ile picha imekatwa. Chini. Njia ya kweli haianzii langoni."

Mzee Isomura alizima redio. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Neno hilo nimelisikia mimi," akasema. "Mwaka ule ule. Mama yako alikuja hapa na mimba yako mbele, akasema mume wake alilalamika kwamba picha ni fupi. Nikaenda kwa babu yako nikamuuliza uso kwa uso, maiti iko ndani. Akaapa. Akasema hakupunguza hata unywele. Sasa nani mwongo, mjukuu wangu, babu yako au mlevi?"

"Nikikuletea kipande chenyewe?"

"Kipande! Nyumba yenu ni ya kazi gani? Si ya kuunganisha karatasi kuukuu mpaka mtu asione kiungio? Ukiniletea kipande nitakisifu." Akavuta sigara. "Sikia. Kama Raita anaogopa, si aibu. Aseme. Kijana wa Tamura ameshatawadha, yuko tayari, ataanzia langoni bila hadithi. Mwaka huu mto lazima uvukwe. Nimwite?"

Chigusa alimwona kijana wa Tamura kichwani, yule aliyekuwa akiyumba na kufanya glu glu glu, akiwa na miaka ishirini na mitatu, na maji yakimfunga. Hapana. Hata yule.

"Hapana, Mzee. Ni mimi tu naogopa. Mwanamke."

"Haya, mpe wali. Dakika tano. Neno la mto likitoka mdomoni mwako nalisikia, na kesho anavuka Tamura."

Ndani Raita alikuwa kavaa nyeupe, kakaa mbele ya ndoo, ananyoa ndevu bila kioo. Alikuwa amekonda kwa siku tatu za wali na chumvi. Alimwona dada yake akatabasamu.

"Chii! Umelia? Mimi ndiye ninayekula wali mkavu, unalia wewe?"

"Vitunguu, Kaka."

"Wali wa chumvi una vitunguu?"

"Kula tu. Fungua mpaka chini, usiache kitu."

Alimtazama. Akafungua majani. Chigusa, kwa ajili ya masikio ya mlangoni, akaanza kupayuka: Kuri farasi wako hajambo, amekula shayiri yake, amemng'ata mtu wa mtaa wa juu, mkia wameusuka vizuri, ungemwona ungedhani bibi harusi. Anaongea, anaongea, huku mikono ya kaka yake ikikunjua karatasi ya nta. Raita aliuona ukingo, na kwato, na jiwe. Wembe ukateleza kwenye ndoo, chubwi.

"Nini hicho?" Mzee Isomura akauliza nje.

"Wembe, Mzee!" Raita akajibu. Sauti yake haikubadilika. Uso wake ndio ulibadilika, wote.

Asubuhi ya jana alikuwa amekaa kwa muda wa saa nne mbele ya picha ile, na aliijua kila nywele. Hakuhitaji kuelezwa. Aliuweka utepe sakafuni, akageuza shingo yake polepole nyuma, kama mpandaji, kisha akamtazama Chigusa. Chigusa akainua vidole viwili, akaviachanisha kidogo, akachungulia katikati yake na jicho moja: ukiona mwanga, umo njiani. Akavifunga: umepotea. Raita akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

Nje kengele ya hekalu ya saa kumi na moja ilikuwa inangoja mgongaji, na mgongaji ni Mzee Isomura. Walisikia kigoda kikilia, hatua zikienda kokotoni.

"Baba hakulewa," Raita akanong'ona. Machozi yalimtoka yakapita kwenye povu la sabuni. "Alikufa mzima. Jamani, alikufa akiwa na akili yake."

"Ndiyo."

"Mama alisema. Mama alisema na sisi tukamwachia aende." Akaushika utepe. Ukingo wake wa juu ulikuwa umenyooka, mkato mmoja, safi, wa mkono usiotetemeka. Alipitisha kidole gumba juu yake, na kidole kikasimama. "Huu ni mkato wa fundi. Chii. Nani alikata?"

Kengele ikalia. Mara ya kwanza.

Chigusa alikuwa na jibu mdomoni, na alikuwa amelibeba tangu barazani kama mtu aliyebeba kaa la moto kiganjani. Yeye ni mtu wa habari, hajawahi kulala na habari tangu azaliwe! Lakini aliitazama ile mikono ya kaka yake. Kesho itashika hatamu. Kesho shingo ile inatakiwa igeuke nyuma kutazama jiwe, na ukingoni karibu na jiwe atakuwa amesimama mzee mmoja, pengine, kama ataamka, kama mdomo utafunguka. Akimwona huku anajua ndiye aliyekata, atatazama ufa? Au atamtazama yeye?

Kengele, mara ya pili.

"Babu anajua?" Raita akauliza. "Chigusa. Kwa nini hunijibu? Alimwambia nini Baba?"

Mvua ikaanza. Si mvua kubwa, matone ya kwanza tu juu ya nyasi za paa. Wote wawili waliinua macho wakasikiliza. Mvua ya milimani huchukua usiku mmoja kufika mtoni, na jiwe lile si refu, maji yakipanda mkono mmoja na nusu hakuna ufa, hakuna mwanga, hakuna jiwe.

"Ukienda uanze mapema," Chigusa akasema. "Kabla hayajapanda. Usingoje wamalize sala."

"Nimekuuliza."

"Najua."

Kengele ya mwisho. Kokoto zilianza kulia tena, hatua za Mzee Isomura zinarudi. Chigusa alifunga majani ya mwanzi, akauchukua utepe akauingiza ndani ya vazi jeupe la kaka yake, upande wa moyo, akaukandamiza kwa kiganja.

"Vuka kwanza, Kaka," akamwambia sikioni. "Mimi nitakuwa chini ya msonobari, nimegeuza mgongo kama watu wote, nasikiliza kengele ya Kuri. Ukinigusa bega tu, nitageuka nikwambie yote yaliyobaki, sibakishi hata moja. Kesho."

Alilisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake kwa sauti ya babu yake.